Posa kwa Kiswahili

Bugembe, Jinja
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Mama,

Shikamoo, Mama. Nakusalimu kutoka huku ninakokaa, nikiomba goti lako liwe limepunguza kukusumbua na mvua za Wundanyi ziwe zimeacha kubomoa matuta ya kabichi. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, kazi ipo. Moyo ndio hautulii, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia badala ya kupiga simu. Simu yako siku hizi ni ya ukoo mzima. Nikisema neno, Shangazi analijibu kabla yako, na Baba Mkubwa anakohoa kwa nyuma. Barua hii ataileta Mwadime, yule jirani yetu dereva wa lori, anayepita hapa akirudi Mombasa. Nimemsihi akukabidhi wewe mkononi. Vaa miwani, kaa nje peke yako, usome polepole.

Mwandiko utanisamehe. Naandikia juu ya meza ya kukatia vitambaa, duka limefungwa, na tangu nianze nimeinuka mara kadhaa kwenda mlangoni kutazama barabara kuu kana kwamba nangoja mgeni. Hakuna mgeni. Ni malori tu, wauza miwa, na vumbi.

Najua unachokingoja. Tangu akina Mwanyumba walete mbuzi wa posa na Baba Mkubwa akampokea, kila simu yetu inaishia palepale: "Mwanangu, umri haungoji mtu. Mwalimu ni kijana mzuri. Tuwaambie nini?" Ni kijana mzuri, sikatai. Hanywi, hagombani na watu, na wanafunzi wake wanampenda. Lakini tangu nije huku Uganda hajawahi kuniambia neno lake mwenyewe. Huniletea salamu kupitia kwa wazee, na kila asubuhi hunitumia kwenye simu picha ya ua waridi yenye maneno mazuri yaliyoandikwa na mtu tusiyemjua. Jibu nitakupa, Mama, usiruke kurasa. Kwanza niache nikueleze yaliyotokea huku, maana jibu langu limezaliwa humo.

Hapa dukani tunashona watatu. Mwenye duka ni mama wa Kikenya, ndiye aliyenipa kazi. Yeye hushinda sokoni Jinja akitafuta vitambaa. Tunaobaki kwenye cherehani ni mimi, Babirye na Nambozo. Babirye ni Msoga wa Budondo, mcheshi, mwenye mdomo usiochoka. Nambozo ni Mgisu, nyumbani kwao ni Mbale, na ndiye ninayeishi naye chumba kimoja. Tunashona sare za shule, magomesi, yale magauni marefu ya sherehe ya wanawake wa hapa, na sare za askari wanaotaka suruali zao zikae vizuri.

Nianze na Babirye, kwa kifupi. Alikuwa anazungumza na kijana mmoja, dalali wa viwanja. Siku moja mchana, duka limejaa wateja, yule kijana akaingia na marafiki zake wakiwa na maua na spika ya muziki. Akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akatoa pete. Simu zote zikainuliwa juu. Waendesha bodaboda wakaacha abiria, wakajazana mlangoni. "Kubali! Kubali!" Babirye akajiziba mdomo kwa mikono miwili, kama wanavyofanya wasichana wa kwenye video za simu, akatikisa kichwa kukubali. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, Mama, tena kwa nguvu.

Baadaye nikamkuta nyuma, kwenye tangi la maji, ananawa uso.

"Hayo ni machozi ya furaha?" nikamwuliza.

"Wakesho, huyu mtu mimi nilikuwa nataka kumwambia tuachane. Leo leo. Nilikuwa napanga maneno."

"Sasa umekubali kwa nini?"

"Ningekataa namna gani? Simu zote zile naniangalia! Nikikataa, kesho Jinja yote naniita mwanamke mbaya."

Kabla jua halijashuka, video ilikuwa imeshafika Budondo, na majirani walikuwa wanampigia mama yake vigelegele uani. Tangu siku hiyo mambo yanakwenda yenyewe tu, kama gari lililoachwa kwenye mteremko. Sherehe ya kutambulishana imepangwa, na gomesi la Babirye nimelikata mimi.

Nimekueleza hilo ili ujue nilikuwa na moyo wa namna gani jambo la Nambozo lilipokuja.

Nambozo ni mpole, haongei sana. Mwaka jana aliingia dukani askari wa gereza, Mwacholi kutoka kaskazini, mrefu mpaka akainama mlangoni. Jina lake Ocen. Alileta suruali ya sare iongezwe urefu. Nambozo akampima, akaandika, akamaliza. Yule askari hakuondoka. Akasimama pale, akakunja uso, kisha akasema kwa sauti ya kutisha, "Wewe! Lete futi. Pima tena."

Nambozo akachukua futi, akapima tena. Vipimo vilikuwa vilevile. Wiki iliyofuata akaleta shati lisilo na kasoro yoyote, akaamuru, "Angalia hii!" Hapo ndipo Babirye alipoanza kucheka, akatunong'oneza, "Afande iko naugua, na dawa yake iko kwa cherehani ya pili."

Ni kweli alikuwa anaugua, ila hakuwa na maneno. Kiswahili chake chote alikipata kambini na gerezani, na kule Kiswahili ni amri. Akitaka kumsindikiza Nambozo humwambia, "Simama hapo." Akitaka kumshika mkono husema, "Leta mkono." Naye Nambozo Kiswahili chake ni cha sokoni, cha "mimi hapana taka". Kigisu Ocen hakijui, Kiacholi Nambozo hakijui. Kiingereza wanacho wote wawili, cha shule, lakini Nambozo alisema kumpenda mtu kwa Kiingereza ni kama kuomba kazi. Basi wakabaki na Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili akawa ni mimi. Nilimfundisha Ocen kusema "naomba" na "tafadhali". Aliyatamka kwa uangalifu, kama mtu anayebeba mayai.

Wakapendana hivyo, Mama. Mchana kweupe, kwenye benchi la mbele ya duka, wakila chapati na mayai, wakiulizana maneno.

Nambozo alificha nyumbani kwa muda mrefu. Kikundi chao cha vijana kanisani kilishaanza kumsema kwamba anatembea na mtu wa kaskazini tena Mkatoliki, na wasichana wenzake wakamwambia askari hana kitu, leo yuko Jinja kesho amehamishiwa mpakani. Yeye akaamua mwenyewe kumpeleka Ocen kwa baba yake. Akaniomba niwasindikize, kwa kuwa msichana haendi na mchumba peke yao, na kwa kuwa Kiswahili changu kimenyooka.

Jioni ya kabla ya safari, tukipiga pasi shati la Ocen, ndipo aliponiambia jambo alilokuwa amelimeza siku zote. Kwao Kiswahili hakisemwi. Enzi za utawala wa wanajeshi, kabla yeye hajazaliwa, askari waliingia nyumba ile wakamchukua ndugu ya baba yake. Walikuwa wanasema Kiswahili. Tangu hapo baba yake, Mzee Mafabi, hataki kukisikia hata redioni, na Kiingereza hakijui.

"Nambozo! Sasa Ocen atasema naye lugha gani?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Si wewe utafsiri?"

"Baba alishasema kwa simu. Mtu anayetaka mtoto wake aseme kwa mdomo yake, si kwa mdomo ya mtoto."

Usingizi ulinipaa, Mama. Nikajidanganya kwamba Kiswahili cha heshima huenda kikamlainisha Mzee, nikamwandalia Ocen maneno bora kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwenye posa za huko kwetu, maneno ya heshima yaliyojaa sukari, akayakariri njia nzima mpaka Mbale.

Nyumba yao iko upande wa viwanda. Mzee alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kukoboa kahawa, na alipostaafu akabaki palepale nyuma ya maghala, mahali ambapo ukiinua macho unauona mlima wa Wanale umesimama kama ukuta. Tulikaribishwa vizuri. Mama yake Nambozo alikuwa amepika malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapika kwa karanga. Kaka zake wawili walikaa kwenye benchi ukutani. Mzee Mafabi alikaa kwenye kiti chake, mtu mdogo wa mwili, macho makali.

"Mulembe," Ocen akasalimia, neno pekee la Kigisu alilojifunza.

"Mulembe," Mzee akaitikia, akangoja.

Ocen akanitazama. Nikamwashiria aendelee.

"Shikamoo, Mzee. Naomba radhi kwa kuja kwako. Mimi ni kijana wako, nimefika mbele yako kwa unyenyekevu mkubwa..."

Mzee akanyanyuka. "Simama!" akasema.

Ocen, kwa mazoea ya kazi, akaruka akasimama wima, mikono ubavuni.

"Lala chini. Toa kitambulisho. Funga mdomo. Panda gari." Hakupiga kelele, Mama. Aliyasema moja moja, taratibu. "Hii ndiyo Kiswahili mimi najua. Walifundisha mimi hapa, kwa huu mlango. Walimwambia ndugu yangu panda gari. Akapanda. Mpaka leo hajashuka."

Mama yake Nambozo alisimama na sahani mkononi, hakuweza kuiweka chini. Mimi nilitamani ardhi inifunike. Ule unyenyekevu mkubwa ulikuwa wangu, na ulikuwa unanuka uongo mle ndani.

Ocen alibaki amesimama. Nikadhani atageuka atoke.

"Mzee," akasema, "yale maneno ni ya huyu dada. Mimi sijui yale maneno. Lakini hiyo 'lala chini', hiyo najua. Mimi nilikuwa mtoto, kule kwetu tunakaa kambi ya kukimbia vita. Watu wa bunduki nakuja asubuhi, nasema lala chini. Mama yangu nalala. Mimi nalala juu ya mgongo yake, nafikiri nikimfunika risasi haitamwona. Mimi pia nilifundishwa Kiswahili hivyo, Mzee. Halafu nikakua. Nikavaa hii nguo ya serikali kwa sababu inapata chakula. Sasa kila siku na mimi nasema simama, funga mdomo. Nikitoka kazi nanyamaza, kwa sababu maneno ingine sina. Huyu Nambozo ndiye mtu wa kwanza mimi niliambia 'pole' kwa Kiswahili."

Mzee akarudi kwenye kiti chake. Akakaa.

"Mama yako iko?"

"Iko, Mzee."

"Alipona siku ile?"

"Alipona."

Mzee akasema neno kwa Kigisu, na mkewe akaja akaweka sahani mbele ya Ocen kabla ya mtu mwingine yeyote. Kisha Mzee akatoka, akasimama peke yake uani akiuangalia mlima. Aliporudi alisema maneno matatu tu: "Lete wazee wako."

Natamani ningeishia hapo, Mama. Ingekuwa hadithi nzuri ya kusimulia. Lakini Mzee alipokwenda kupumzika, kaka mkubwa, anaitwa Masaba, akavuta benchi karibu, akaanza kwa Kiingereza.

"Baba amezeeka, moyo wake ni laini. Sisi tunauliza neno moja tu. Wewe ni mwanamume?"

Sikuelewa. Nambozo akainama. Huku, Mama, kijana wa Kigisu hahesabiwi kuwa mwanamume mpaka asimame mbele ya watu kwenye imbalu, msimu wao wa tohara, amepakwa unga wa ulezi, asipepese jicho kisu kinapopita. Asiyepitia hapo huitwa musinde, mvulana, hata akiwa na mvi.

"Nilitahiriwa," Ocen akajibu. "Kwa kliniki."

Wale kaka wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Kliniki! Na sindano ya ganzi! Na nesi anakupa pole!" Masaba akaacha kucheka. "Dada yetu haolewi na musinde. Msimu ukifika utakuja hapa, utasimama uwanjani, kisu kikuguse, damu ionekane, watu waone. Basi. Hapo tutakuita shemeji."

Ocen akainuka. Alishukuru kwa chakula, tukaaga.

Njiani, kabla hatujafika barabarani, Nambozo akasema, "Ungewaambia ndiyo."

"Ndiyo kwa nini?"

"Ni kuguswa tu. Dakika moja. Kwa ajili yangu."

"Wewe ndiye unataka?"

"Watu wanataka."

"Mimi nauliza wewe."

Nambozo akasimama. Mimi nikajifanya nafunga kiatu. Nikamsikia anasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Kama unanipenda utasimama!"

"Nilisimama leo," Ocen akasema. "Baba yako alisema simama, nikasimama."

Akavuka barabara, akapanda gari lingine. Sisi tukarudi Bugembe wawili.

Hilo ndilo lililonikosesha raha, Mama, na bado linanikosesha. Nambozo alikuwa na ujasiri wa kumpeleka mtu wa kaskazini mbele ya baba anayeogopwa. Alipita katikati ya maneno ya kanisa na ya wasichana wenzake. Kumbe hayo yote yalikuwa nje yake. Lile neno la kaka zake lilikuwa ndani yake mwenyewe, limekaa tangu utotoni, wala hakujua kwamba lipo. Nikaanza kujiuliza, na mimi ndani yangu kuna nini? Nikisema nataka mapenzi, ninayataka mimi, au nimeyaona kwenye simu? Nikisema simtaki Mwalimu, ni mimi ninayesema, au ni huku ugenini kumenifundisha kiburi?

Siku zikapita. Ocen haji. Nambozo anashona kola kinyume, anafumua, anashona tena kinyume. Akaandika habari yake kwenye kundi moja la wanawake la kwenye simu, bila jina, akauliza: mtu akikataa kutoa damu kidogo kwa ajili yako, anakupenda kweli? Majibu yakamiminika, na karibu yote yalikuwa yaleyale. Achana naye. Anayekupenda atafia popote. Nambozo akawa anatusomea huku analia.

Babirye akasimamisha cherehani yake.

"Nambozo, unauliza watu ambao hawatalala na yeye nyumba moja." Akatoa simu yake, akafungua video ile ya kwake, ya maua na magoti. "Angalia hawa. Wote walifurahi, walituma mioyo nyekundu nyekundu. Hebu uliza, nani katika hawa ananiuliza leo kama nimelala? Mimi nalala na macho wazi, Nambozo. Hawa wamelala vizuri."

Hatujawahi kumsikia Babirye akisema jambo bila kucheka. Pasi ilikuwa inaunguza kitambaa na hakuna aliyeiona mpaka ilipotoa moshi.

Nambozo akainuka. Akampigia Masaba palepale, amesimama katikati ya duka, na wakasemezana Kigisu. Sisi tuliambulia maneno machache tu, jina la Ocen, na "kliniki", na mwishoni "musinde", ambalo Nambozo alilitamka huku akicheka kicheko kikavu, na Masaba akakata simu. Baadaye alitueleza alichosema: kama Ocen ni musinde, basi yeye ataolewa na musinde. Kisha akavaa viatu, akatoka na futi ya kupimia bado imening'inia shingoni, akaenda mpaka kwenye lango la nyumba za askari.

Aliporudi tulimzunguka. "Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia sitaki watu waone. Nataka mimi nione."

"Naye akasema nini?"

Nambozo akatabasamu mara ya kwanza tangu Mbale. "Akasema, 'Leta mkono.'"

Wazee wa Ocen walikuja mwezi uliopita, mjomba wake na mama yake, safari ndefu ya basi. Kaka zake Nambozo hawakutokea, na shangazi zake wawili wametangaza kwamba hawatakanyaga kwenye arusi hiyo. Mama yake Ocen hajui lugha yoyote ila yake. Alimshika Mzee Mafabi mkono kwa mikono yake miwili, na Mzee hakuutoa. Walikaa hivyo wakati mjomba anazungumza habari za mahari. Nilikuwepo, niliona. Si kwamba mambo yamekwisha kuwa sawa. Nambozo ana nyumba iliyogawanyika, na kila akipigiwa simu kutoka kwao anashtuka. Lakini anashona kola zake vizuri.

Gomesi la Babirye limetundikwa hapa mbele yangu. Amenikataza kufunga mishono ya ubavuni. "Acha kwanza," alisema, "bado nafikiri." Siku ya sherehe inakaribia na bado anafikiri.

Sasa jibu lako, Mama.

Jana, wakati wa chakula cha mchana, nilimpigia simu Mwalimu Mwanyumba. Sikumwomba ruhusa mtu. Nilisimama nje nyuma ya duka. Nikamwamkia, nikamwambia, "Mwalimu, nataka unijibu kwa maneno yako. Mimi unanitakia nini?"

Nikasikia watoto wanacheza mpira kwa mbali.

"Wakesho," akasema, "hakuna mtu amewahi kuniuliza."

"Mimi nimekuuliza."

Ndipo akanieleza. Kuna mwanamke anayempenda tangu siku nyingi, yule mshoni wa Mwatate aliyezaa kabla ya ndoa. Unamjua. Wazazi wa Mwalimu walimkataa wakasema mwalimu hawezi kuoa mwanamke mwenye mtoto wa mtu, watu watasema nini, wazazi wa wanafunzi watasema nini. Mama yake alikataa kula. Wakatafuta jina la msichana ambaye hana doa na yuko mbali asije akaharibu mipango, wakapata langu. "Nilidhani wewe umekubali," akaniambia. "Niliona siwezi kukuaibisha." Nami huku nilikuwa nadhani ni yeye aliyenichagua.

Nitakuambia ukweli, Mama. Nilidhani kama nikisikia jambo kama hilo nitaruka kwa furaha, maana mzigo umeondoka. Badala yake niliumia. Niliketi juu ya mfuko wa mabaki ya vitambaa nikalia, na hata sasa sijui vizuri nilikuwa namlilia nani. Si rahisi kujua kwamba hukuwahi kuchaguliwa, hata na mtu ambaye hukumtaka. Nilipomaliza kulia nilimpigia tena, nikamwambia asihangaike, nitazungumza na mama yangu.

Basi nakuomba jambo hili moja. Mwambie Baba Mkubwa amrudishe mbuzi. Na ukimwambia, sema mimi ndiye niliyekataa. Usimtaje yule mwanamke wala usimtaje Mwalimu. Sema Wakesho amekuwa mkaidi, Uganda imemharibu, anajiona. Watakasirika, watanisema kanisani na kisimani, lakini mimi niko mbali, maneno yao yatanifikia yamechoka. Mwalimu anaishi katikati yao. Wakijua ni yeye, hawatampa nafasi ya kupumua, na yule mwanamke ndiye atakayelipishwa. Akishapata muda atafute ujasiri wake mwenyewe. Huo siwezi kumpa.

Wewe ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, ila usiku mmoja tu, halafu unipigie ukiwa peke yako shambani. Sijui nitaolewa na nani, Mama, wala sijui kama nitaolewa. Sina mtu huku ninayemficha, naapa. Nina huku kutotulia tu, na sitaki kumpa mtu yeyote ndoa ili nikutulize.

Nisalimie Bibi, mwambie kile kitambaa chake cha kichwa nimekipata cha rangi anayoipenda. Nisalimie dada yangu mdogo na umwambie aendelee na masomo, akiona video za pete asizishabikie sana. Nisalimie Shangazi, ingawa najua ameshajua habari hizi kabla hujaikunja barua. Na Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu ya heshima, kisha umpe kamba ya mbuzi.

Ni mimi mwanao, mkaidi kuanzia leo,

Wakesho